Uso Wangu Katika Mikanda Miwili ya Harusi ya Shangazi

Chumba cha fundi wa video kule Mabatini kilinuka plastiki iliyopata moto na chai ya tangawizi. Kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli, hakina dirisha, na ndani yake kulikuwa na televisheni mbili, deki mbili na mikanda iliyopangwa hadi karibu na dari, kila mmoja umeandikwa majina ya maharusi kwa wino mwekundu. Baba alinichukua siku ile kwenda kufuata mkanda wa harusi ya Shangazi Yunisi, mdogo wake wa mwisho. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikwenda shingo upande, kwa sababu nilijua nitakayemwona mkandani ni Vero.

Vero ni mtoto wa baba mdogo. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakulia ua mmoja, na nilimwonea wivu tangu nilipojua maana ya changu na chako. Safari hii alinipita kwa gauni. Kila upande ulitakiwa kutoa mtoto mmoja wa kutupa maua mbele ya bibi harusi, na upande wetu ulinitaja mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na shangazi tangu naachishwa ziwa, mimi ndiye niliyejua anapoficha poda yake. Lakini gauni la kukodi lilipofika, jeupe, lenye utepe wa waridi kiunoni, zipu ilikataa mgongoni kwangu. Mama akavuta, nikabana pumzi mpaka macho yakanitoka, wapi! Likamkaa Vero utadhani alishonewa. Nikavalishwa gauni langu la Krismasi, nikaketishwa ukumbini mstari wa pili, namwangalia Vero akipita na kikapu chake, anarusha maua kwa maringo, jamani, kama vile anaolewa yeye. Nikabetua midomo. Nikamkodolea macho. Machozi yakanitoka na wala sikuyafuta. Mpiga video akapita na taa yake kali, akanimulika, akaenda zake.

Sasa fundi huyo huyo aliponiona mlangoni alicheka. "Kumbe ndiye wewe! Sura yako imeniokoa, mwanangu." Akamweleza baba kwamba kuna mahali wageni walisimama mbele ya kamera, na kuna mahali mkono wake ulitikisika, kwa hiyo picha mbovu alizikata, akaziba pengo kwa uso wangu. Alikuwa ametengeneza mikanda miwili, mrefu wa kwetu na mfupi wa wakwe wa Sengerema, ambao walitaka hotuba zao na keki tu, basi. "Huyu nimemtumia kote kote," alisema kwa kujisifu. Nami, mjinga mimi, nilifurahi kusikia kwamba nitaonekana kote.

Jumapili baada ya ibada nyumba yetu ilijaa watu, wengine wameketi sakafuni, wengine wanachungulia dirishani. Vero alipita kwenye televisheni na maua yake mara nne, nikawa nahesabu. Kisha shangazi akapiga magoti mbele ya bibi kumuaga, na papo hapo ukatokea uso wangu, umejaa kioo kizima, midomo inatetemeka, machozi yanashuka. "Ona Kabula anavyomlilia shangazi yake, maskini," mama alisema, na sauti yake ikakatika. Bibi akaniita akanipakata, mimi na miguu yangu mirefu yote. Watu wakatoa leso. Ukweli ni kwamba shangazi alipopiga magoti mimi nilikuwa nje, nakunywa soda. Nikazidi kujilaza kifuani kwa bibi. Nilimtazama Vero pale pembeni, hakuna aliyemsifia hata gauni, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Haukutulia muda mrefu. Shangazi alikuwa ameniahidi kwamba akishazoea ndoa atanichukua nikaishi naye Sengerema, nisome shule anayofundisha mumewe. Sanduku langu nilikuwa nimeshaliomba kwa mama. Januari ikaja barua, na barua ikamtaka Vero. Aliyeileta ndiye aliyetusimulia yaliyotokea. Katika mkanda wa kule, baba mkwe anasimama na kusema, "Kuanzia leo Yunisi ni binti yetu," halafu picha inayofuata ni mimi, nimebetua midomo, nimetoa macho. Mama mkwe aliisimamisha deki hapo hapo. "Huyu mtoto ana dharau," alisema. "Kwangu haingii." Shangazi alijaribu kunitetea, lakini alikuwa mke wa miezi mitatu katika nyumba ya watu, angesema nini? Baba naye aliona aibu kwenda kubishana na wakwe juu ya uso wa mtoto. Uso ule ule! Huku napakatwa, kule nafukuzwa kabla sijafika.

Nilimsindikiza Vero hadi kwenye kivuko cha Kamanga, amevaa viatu vipya. "Kabula, usinune bwana, nitakuandikia," aliniambia. Nilimwombea apate upele. Hakupata. Alikuwa akirudi likizo amenenepa, anafunga kitambaa kichwani kama shangazi, na anacheka kicheko cha shangazi chenyewe, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Mwaka jana Vero alikuja kunitembelea. Siku hizi anapita darajani, hana habari ya kungoja kivuko. Binti yake alikuwa ameihamishia mikanda yote miwili kwenye simu, na wakati sisi tunakunywa chai yeye alikuwa anaikata kwa kidole, anamtoa huyu, anambakiza yule, anaweka na muziki, na kabla chai haijapoa ameshaituma kwa ukoo mzima. Niliona wivu hata kwa mtoto yule. Enzi zetu fundi akishakuweka mahali umekaa hapo, na watu wanakuamua hivyo hivyo.

Uso wangu ulipotokea, Vero aliweka kikombe chini. "Hujui nilivyokuonea wivu," alisema. Nikadhani ananitania. Akanieleza kwamba shangazi alificha nakala ya mkanda wetu chini ya kanga zake. Mumewe alipokwenda masomoni miaka miwili, kila akizidiwa na upweke alifunga mlango, akaiwasha deki, akafika pale ninapolia, akarudisha nyuma, akatazama tena. "Mimi ndiye niliyemchotea maji, mimi ndiye niliyemsuka nywele, lakini yeye analia na wewe. Nilikuwa nasimama kwenye kioo najifunza kukunja uso kama wako, labda na mimi atanipenda vile."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli kweli. Ningeweza kumwambia kwamba machozi yale hayakuwa ya shangazi hata kidogo, yalikuwa yake yeye, Vero, na gauni lile. Ingemtosha sentensi moja tu. Nikamwongezea chai, nikasema, "Ndiyo, shangazi alinipenda sana."