Ujumbe Nilioukatiza Njiani

Naikumbuka siku ile ya Changamwe, mwanangu, na kila nikiikumbuka siwezi kutulia kitini. Nisamehe nikisimama simama.

Nilikuwa kijana, mwandishi wa programu katika yadi ya makontena ya baridi. Programu yangu ilikusanya vipimo vya joto vya kila kontena, sekunde kwa sekunde, miaka nenda miaka rudi, ikavipakia vyote katika safu moja, yaani orodha moja ndefu ambayo kompyuta huishika nzima. Kontena likianza kupata joto, kengele hulia. Nilijiona fundi kweli kweli.

Asubuhi hiyo programu ilianguka. Nikaona kwenye skrini "memori imekwisha", nikachomoka mbio hadi mjini kununua memori. Nikaiweka, ikaanguka tena. Nikaenda kununua nyingine! Huko nje Mzee Kazungu, msimamizi wa yadi, alikuwa juani na watu wake, wakikagua makontena moja moja kwa macho, maana kengele hazikulia tena.

Adhuhuri aliingia, shati limelowa jasho. "Mashine yasemaje?"

"Memori imekwisha, mzee."

"Ndiyo yote? Hebu nisomee hadi mwisho."

Nikasoma. Ujumbe uliendelea: safu uliyoomba imepita kikomo. Lugha ile ya programu iliweka mpaka wa urefu wa safu moja, hata kompyuta ungeijazia memori ya dunia nzima.

"Miye sipandishi kontena la sita juu ya matano, hata yadi iwe tupu," alisema. "Nafasi unayo, baba. Kupanga ndiko hujui."

Niliona haya, lakini bandu bandu huisha gogo. Nikaikata safu vipande, programu ikavisoma kimoja kimoja. Ilipoamka tu, jioni, kengele mbili zililia pamoja. Kontena moja tuliliwahi. La pili, ambalo watu wa Mzee Kazungu hawakuwa wamelifikia, plagi ilikuwa imechomoka tangu asubuhi, na ndani mlikuwa na samaki wa akina mama wachuuzi wa Kisauni, waliochangiana kuwaagiza. Mkubwa wao, Mama Dama, alifika mlango ukifunguliwa. Hakunitukana. Alijiziba pua kwa leso, akaniuliza, "Kwani hukuambiwa, mwanangu?"

Niliambiwa. Sikusoma.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwanangu, ukionywa, sikiliza hadi neno la mwisho kabla hujainuka. Na ukifika kwenye ukomo wa kitu, usizidi kurundika, gawanya. Mungu akujalie subira ya kusikia, na akuepushie swali la Mama Dama.