Jumamosi za Kantini ya Wakorea

Kijiji nilichopangiwa kufundisha hakikuwa na kivuli. Watu walikuwa wamehamishwa na serikali kutoka mashamba yao ya zamani, waishi kwenye vijiji vya ujamaa, wakaambiwa wajenge kwa mistari iliyonyooka, na miti iliyokuwa inazuia mistari ikakatwa. Mwalimu mwenzangu, binti wa Kizigua aliyezaliwa Sindeni, hakulalamika. Jua lile alikuwa amelizoea tangu utotoni. Mimi nimezaliwa milimani Usambara, juu ya Soni, kwenye nyumba ambayo asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Mwezi wa kwanza niliokaa Handeni nilitoka vipele mwili mzima, nikadhani ni ugonjwa. Nesi wa zahanati yetu akaniangalia mgongoni akacheka.

"Huu si ugonjwa, mwalimu. Hii ndiyo Handeni inakukaribisha."

Ndivyo tulivyokuwa marafiki watatu: mimi, mwalimu mwenzangu na nesi. Nesi alikuwa ametuzidi umri kidogo, na mama yake alikuwa na nyumba Masuguru, pale Korogwe mjini. Nyumba hiyo ndiyo iliyotuokoa, maana tulipata pa kulala tukienda mjini.

Lakini kutoka kijijini halikuwa jambo la kuamka na kuondoka. Ilibidi uombe ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakukaribisha kiti, anakuulizia habari za nyumbani, halafu anaanza.

"Sasa mwalimu, ukiondoka, watoto wa taifa unamwachia nani?"

"Ni Jumamosi, mzee. Hakuna shule."

"Hakuna shule, lakini lipo shamba la shule."

Mara nyingine alikubali, mara nyingine alikataa, na hakukuwa na namna ya kujua mapema. Alipokubali tulipanda lori lolote la kwenda Korogwe, tukikaa juu ya magunia ya mahindi, na tukifika tulikuwa na kazi moja tu: kula chakula ambacho hatukukipika sisi. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeanzisha mchezo huo. Kila safari tujaribu hoteli ambayo hatujawahi kuingia, halafu tuihukumu. Tulianza na ile ya karibu na stesheni ya treni, chai yake ilikuwa na moshi. Tukaenda ya Mwarabu mmoja aliyekuwa maarufu kwa pilau, lakini miaka ile ya uhaba ukiuliza pilau unaambiwa limekwisha, ukiuliza lilikuwepo lini, mtu anakuangalia tu. Tulikunywa chai bila sukari kwenye nyumba nyingi. Hata hivyo tulikaa kwenye viti vya watu, tukahudumiwa, tukasema hiki kizuri, hiki kibaya. Kijijini hakuna aliyetuuliza kipi kizuri na kipi kibaya.

Siku moja nesi alikuja na habari aliyoipata kwa dereva wa lori. Upande wa Mombo, bondeni, kulikuwa na shamba la mpunga lililokuwa na wataalamu kutoka Korea, na kambi yao ilikuwa na kantini. Jumamosi mchana walipika chakula cha kwao, na mtu yeyote aliruhusiwa kuingia na kula.

"Wakorea wanakula nini?" nikauliza.

"Ndiyo twende tukaone," akasema.

Kantini yenyewe ilikuwa banda la bati lenye mabenchi marefu, na upande wa jikoni lilikuwa wazi hata ukaona masufuria. Mlangoni alisimama kijana wa Kikorea, mkalimani wao, aliyejifunza Kiswahili darasani kabla hajaja. Aliinama akatuambia, "Shikamooni, ndugu." Alimwamkia hivyo kila aliyeingia, hata mtoto aliyebebwa mgongoni. Tulishindwa kujizuia, tukamwitikia "Marahaba" kama wazee, tukaingia tukicheka.

Mwalimu mwenzangu, ambaye ni Mwislamu, hakukaa kwanza.

"Ndugu, humu mna nguruwe?"

Mkalimani akafikiri maneno yake vizuri. "Nguruwe hayupo, ndugu. Yupo samaki."

Wakatuletea wali wa punje fupi unaoshikana, kila mtu na bakuli lake. Supu ya maharage ya soya ilikuwa na harufu nzito iliyonikumbusha nguo zilizokaa sandukuni. Dagaa walikaangwa kwa pilipili na ufuta. Na katikati ya meza wakaweka sahani ya kabichi nyekundu, iliyolowekwa kwa chumvi, vitunguu saumu na pilipili mpaka ikachacha. Vijiko havikuwepo, kulikuwa na vijiti vya chuma. Nesi, ambaye mikono yake ilikuwa inachoma sindano kila siku bila kutetemeka, alidondosha dagaa mapajani mara tatu, akaweka vijiti chini akaosha mkono.

Mimi niliichukua ile kabichi. Ilikuwa kali, chachu na ya baridi, maana walikuwa wameifukia ardhini kwenye mtungi. Ubaridi ule ulinishuka kooni, na nikajikuta natazama chini ili wenzangu wasinione macho. Kabichi ndiyo tuliyolima nyumbani. Tangu niende Handeni sikuwa nimeonja hata jani moja.

Mpishi alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye kovu la moto kwenye mkono. Alikuwa ananitazama kutoka jikoni. Alikuja na sahani ya pili, akaiweka mbele yangu peke yangu.

Baada ya siku ile hatukutafuta hoteli nyingine. Kila ruhusa tuliyoipata ilikwenda kwenye kantini. Tukajua siku za tambi, tukajua siku za mayai. Mwalimu mwenzangu akawa hodari wa vijiti kuliko Wakorea wenyewe. Mpishi akajifunza maneno machache kutoka kwetu: kali, kidogo, tamu, bado. Yaliyobaki tuliyapitisha kwa mkalimani. Nilimweleza mpishi kwamba kabichi anazopika zinatoka kwetu, kule juu, nikamwonyesha mlima. Ukiwa kwenye mlango wa jikoni unauona wote, mpaka mawe yaliyojitokeza na barabara ya kwenda Lushoto inavyojikunja.

Mpishi akasema jambo, na mkalimani akatafsiri. "Anauliza kama huko kuna baridi."

"Ipo. Mwezi wa saba unavaa sweta mchana."

Mpishi akasema tena, maneno mengi safari hii. Mkalimani akatafsiri machache tu. "Kwao pia kuna baridi."

"Mwambie apande siku moja," nikasema. "Mabasi yanatoka Mombo kila siku. Akaone."

Mkalimani hakutafsiri. Akatabasamu, akasema, "Ana kazi, ndugu."

Nesi ndiye aliyenieleza tukiwa njiani kurudi. Yeye alikuwa ameliona mapema. "Hujaona? Hatoki mmoja wao peke yake. Wanatoka wawili wawili, na kwenda mbali lazima mkubwa wao aruhusu."

Nilikuwa nafikiria kwamba mtu yule anautazama mlima wetu kila siku akikata vitunguu, na hajaukanyaga.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Kisima cha kijiji kikawa tope, na watoto wakaanza kuja shuleni bila kuoga, wakisinzia kwa njaa. Nilikwenda Handeni mjini kuomba uhamisho. Afisa aliyenipokea alisikiliza kwa upole, akauliza swali moja.

"Umeolewa?"

"Hapana."

"Basi subiri uolewe. Mwalimu wa kike anahama kumfuata mume."

"Na asiyetaka kuolewa sasa hivi?"

"Huyo anafundisha," akasema, akaita mtu mwingine.

Jumamosi moja baada ya hapo tulifika kantini tukamkuta mkalimani ameshikwa na malaria, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Nesi akabaki kumhudumia. Wakubwa wao walikuwa shambani, mfereji ulikuwa umebomoka. Mpishi alikuwa anahangaika: kabichi zimekwisha na hapakuwa na wa kumsindikiza. Akatutazama mimi na mwalimu mwenzangu, akachukua kikapu, akasema, "Mombo. Kabichi. Kidogo."

Tukatoka naye. Alitembea haraka mno mwanzoni, kama mtu anayefukuzwa, halafu akapunguza, halafu akaanza kutazama kila kitu: mbuzi, wanawake waliobeba kuni, ishara za barabarani. Watu wa Mombo walimsalimia na yeye akainama kwa kila mmoja. Pale stendi abiria wa mabasi makubwa walikuwa wananunua mahindi ya kuchoma na mayai madirishani. Tukapata kabichi kwa mama mmoja wa Kishambaa, nikaongea naye lugha yetu, akatuchagulia zile ngumu.

Basi la Lushoto, lile linalopita kwetu, lilikuwa limesimama, injini inanguruma. Mpishi akaliangalia, akaniangalia.

"Baridi?" akauliza, akionyesha juu.

"Baridi sana."

Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Ninauona mguu ule mpaka leo, umevaa kiatu cha turubai kilichoshonwa upya kidoleni. Mwalimu mwenzangu akanishika mkono kwa nguvu. Kondakta akapiga bati.

"Mzee wa Kichina, unapanda hupandi?"

Midomo ya mpishi ilikuwa inatikisika kama mtu anayejaribu kukumbuka neno. Kisha akaushusha mguu. Akanishika bega, akanisukuma taratibu kuelekea mlangoni.

"Wewe," akasema. "Wewe kwenda."

Nilipanda. Sikuwa nimepanga, sikuwa na ruhusa, sikuwa na hata kanga ya kubadilisha. Mwalimu mwenzangu alikimbia pembeni ya basi akipiga kelele, "Shoga, Jumatatu! Jumatatu una darasa!" Nyuma yake mpishi alikuwa amesimama na kikapu chake, hakupunga mkono.

Nilifika nyumbani wakati mama anapalilia maharage. Alifurahi hata akaangusha jembe. Alinipikia viazi, akanipa sweta lake, nikalala nikisikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati. Jumatatu ikapita. Jumanne mama akaacha kuniuliza habari za kazi, nikajua ameshaelewa.

Jioni ya siku ile tulikaa jikoni, wawili tu.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, mama."

"Basi umetoroka."

Mama alichochea moto kwa muda mrefu.

"Mimi nakupenda ukiwa hapa," akasema. "Lakini hapa utakaa wapi? Baba yako alipofariki mashamba waligawana kaka zako. Hata hili ninalolima ni la kaka yako, mkewe ananihesabia matuta. Wewe ulisomeshwa ili uwe na kwako."

"Kule si kwangu, mama."

"Najua. Na hapa pia si kwako, mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonya kuhusu mvua. Usiku ule ile baridi niliyoililia ikaanza kuniuma miguuni, na kuta za nyumba niliyozaliwa zikawa karibu mno. Asubuhi niliteremka mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza.

Mwenyekiti alinipokea kwa kiti kama kawaida. Mwalimu mwenzangu alikuwa amemwambia nimepata msiba, na yeye akanipa pole, akasema kwa sababu ya msiba huo nipumzike, nisisafiri tena mpaka mavuno. Nilimshukuru. Nilitoka pale nikaenda kukaa nyuma ya darasa, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikasikia wanafunzi wangu wakiimba jedwali la kuzidisha bila mwalimu.

Mavuno yalikuwa machache. Tulipopata ruhusa, tukaenda moja kwa moja kantini. Getini tulikuta mlinzi, mtu wa Korogwe, hatujawahi kumwona.

"Chakula cha wageni kimesitishwa," akasema.

"Tangu lini?" nesi akauliza.

"Mimi nimekuta hivyo."

Tulimwomba atuitie mkalimani, akasema amebadilishwa. Mpishi alitokea kwenye mlango wa jikoni na beseni. Alituona. Nyuma yake akatoka Mkorea mwingine, akasimama ubavuni pake. Mpishi akainama kwetu, muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na sisi watatu tukajikuta tumeinama pia, pale getini, mbele ya mlinzi aliyeshangaa. Akarudi ndani. Kama ilikuwa ni kwa sababu ya safari yetu ya stendi, au shamba lilikuwa limepungukiwa chakula kama nchi nzima, sikupata kujua.

Tulikula mahindi ya kuchoma Mombo, tumekaa kwenye jiwe, hatuna la kuhukumu. Nesi aliolewa baada ya muda, akamfuata mume Tanga. Mwalimu mwenzangu alibaki na mimi kwa miaka mingi, na tulijaribu mara moja kufukia kabichi kwenye mtungi nyuma ya nyumba yake. Kwa joto la kule ilioza kabla ya wiki kuisha. Tulicheka sana siku ile, tumeziba pua.

Uhamisho wangu ulikuja baadaye, wakati nilikuwa nimeacha kuuomba. Nilitakiwa kuripoti shule mpya, ndani zaidi ya Handeni, mahali ambapo hata malori ya Korogwe hayakufika. Mwenyekiti aliniletea habari hiyo mwenyewe, akitabasamu, akanipa mkono wa hongera.