Tumbo la Mshona Kola

Mshona kola alikuwa na adui mmoja katika kiwanda cha mashati, na adui huyo alikuwa wifi yake mwenyewe, dada wa mumewe. Wifi ndiye aliyekuwa msimamizi wa washonaji. Tumbo ndilo lililompa wifi silaha. Mshona kola akishakula tu, lilimsokota, likajaa gesi, kisha likamkimbiza chooni, na kila alipoinuka sauti ya wifi ilimfuata: "Haya, malkia wa choo huyoo!"

Wifi mwenyewe alitoka kuongea na simu apendavyo. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. "Kaka, mkeo mvivu tu, anasingizia tumbo," wifi alisema mbele yake, na mume akaendelea kula.

Alipokwenda hospitali, daktari alimpima damu na choo, hakuona kidonda wala minyoo.

"Kwa hiyo naigiza?" mshona kola akafoka.

"Huigizi. Ukuta wa utumbo ni misuli, hujibana na kulegea ili isukume chakula. Utumbo wako huchokozeka upesi, misuli yake inajikaza kupita kiasi, ndiyo maana unasokotwa. Dawa hii huilegeza. Meza kabla ya kula, ili chakula kikute imeshaanza kazi. Haiondoi ugonjwa, inatuliza."

Akameza. Kinywa kilikauka kidogo, lakini msokoto ulipungua, akaweza kushona mpaka kengele bila kujikunja.

Wifi hakupenda. Siku moja aliikuta pakiti kwenye droo ya cherehani, akaiinua juu watu waione. "Kumbe tunakaa na mla madawa!" Akaitupa kwenye pipa la vitambaa.

Mshona kola alizima cherehani, akapekua pipa mbele ya wote, akaitoa. "Hii inalegeza utumbo," alisema akimkazia macho. "Ya kulegeza roho yako haijatengenezwa."

Chumba kikaangua kicheko. Kesho yake wifi akamhamishia meza ya kukata nyuzi, kazi ya wanaojifunza. Mshona kola hakuikalia sana, aliacha kazi, akaenda kushona mashuka kwa fundi mwingine.

Mume alipoanza, "Lakini dada yangu..." mkewe alimkatiza: "Dada yako asikanyage hapa nikiwa nakula."

Tumbo bado humkamata siku za hasira, na dawa yake haimtoki mkobani. Na wifi hawasalimiani. Wakikutana mlangoni kwa mama mkwe, mmoja akiingia, mwingine anatoka.