Nilimwambia refa kwamba Kioko amefunzwa kucheza mbele

Admin, ukiposti hii naomba jina langu libaki kwako peke yako. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu, nina mke na watoto wanne, na ni mzee wa kanisa hapa Makueni. Jumamosi hii nimepewa kazi ya kuzungumza kwa niaba ya familia ya rafiki yangu Kioko, na sijalala vizuri tangu niambiwe.

Miaka ya tisini mwanzoni tulikuwa na klabu ya raga Sultan Hamud. Walimu, makarani, mafundi wa magari, vijana wa maduka. Tulikuwa na timu tatu. Ya kwanza ilicheza mpaka Nairobi na msimu ule ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ya pili ilishinda leo, kesho ikapigwa. Ya tatu ndiyo yangu, mimi kapteni, na tulikuwa tumefungwa kila mechi. Wenzetu walituita Makombo. Tulicheza asubuhi kabla watu hawajafika uwanjani, kisha tukabaki kuchotea timu ya kwanza maji ya kuoga.

Kioko nilimleta kwenye raga mimi mwenyewe, maana tulifundisha shule moja. Alikuwa mwembamba na mwenye mbio, tukamweka pembeni kabisa ambako kazi ni kukimbia tu. Kila Alhamisi orodha za timu zote tatu zilibandikwa kwenye mlango wa bucha mjini. Alhamisi moja nikakuta Kioko amepandishwa timu ya pili kuanzia wiki itakayofuata. Hakuwa amemaliza hata msimu mmoja. Mimi nilikuwa na miaka mitano kwa Makombo. Nilimpongeza, nikamnunulia chai, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Sitawadanganya, nilimwonea kijicho.

Jumamosi tukacheza na timu ya tatu ya Mwingi, na ajabu ni kwamba tulikuwa tunaongoza. Dakika chache kabla ya mwisho, mtu wetu mmoja wa mstari wa mbele akaumia bega. Kwa msiojua raga, kwenye skramu watu wanane wa kila upande huinama na kusukumana, na wale wa mstari wa mbele ndio shingo zao hubeba uzito wote. Hapo hawekwi mtu ambaye hajafunzwa. Refa akaniita kando. Akaniuliza, "Kapteni, uko na mwingine amefunzwa kucheza mbele? Kama hakuna, skramu zitakuwa za kushikana tu, hakuna kusukuma."

Hatukuwa naye. Na kushikana tu kungetufaa sana, maana tayari tulikuwa mbele. Lakini nilimtazama Kioko kule pembeni, jezi yake haina hata vumbi, nikasema, "Niko naye. Ni huyo."

Nilitaka aumie kidogo. Nilitaka aonje tunayoyala sisi wengine. Alikuja akaninong'oneza kwamba hajawahi kucheza pale, nikamwambia hatuna njia nyingine, na kwamba timu ya pili haichukui waoga. Akainama.

Skramu ya kwanza tu ikaanguka. Wengine waliinuka, yeye hakuinuka. Nilimfokea asimame aache maigizo. Aliponiambia hasikii miguu, nikamshika makwapa nikamburuta hadi nje ya mstari ili mchezo uendelee. Tulishinda. Hiyo ndiyo mechi pekee ambayo Makombo walishinda msimu ule.

Kioko hajasimama tena mpaka leo. Mikono yake inaweza kushika kikombe, basi.

Kamati ya mashindano ilipotuita kutuhoji, nilisema yule wa Mwingi aliyesukumana naye, anaitwa Mulwa, aliivuta skramu chini makusudi. Refa alikuwa mgeni na hakuna aliyemtafuta kumwuliza. Mulwa akafukuzwa kwenye timu yake. Baadaye alikuja kwa kina Kioko na mbuzi, vile sisi Wakamba hufanya tukitafuta amani. Mimi ndiye niliyemjibu pale getini kwamba shingo ya mtu hailipwi na mbuzi, arudi naye kwao. Watu walinisifu kwa neno hilo. Alirudi mara ya pili akiwa peke yake, ndugu zake Kioko wakampiga mpaka akapoteza meno, nami nilikuwa nimesimama pale nikitazama.

Nasikia siku hizi Mulwa mwenyewe anaamini aliiangusha. Amewaambia watu wa kanisa lake kwamba alitenda dhambi ile. Sasa ni mgonjwa sana, na amemtuma mchungaji aombe aje mara ya mwisho. Anakuja Jumamosi na mbuzi wawili.

Familia imeamua mimi ndiye nimjibu, kwa sababu nilikuwa kapteni, na kwa sababu miaka yote hii mimi ndiye humpeleka Kioko kanisani. Mama yake huniita mwanawe. Hakuna hata mmoja wao anayejua refa aliniuliza nini. Jumapili nilimwuliza Kioko anataka niseme nini. Akaniambia, "Mimi nilikuwa nimeinama, sikuona kitu. Wewe ndio uliona. Ukisema alifanya makusudi, arudi na mbuzi zake. Ukisema hapana, nitakula hiyo nyama na yeye."

Nikisema ukweli, nampoteza Kioko, kanisa na jina langu, na sijui nani atamsukumia kile kiti. Nikinyamaza, Mulwa atakufa akiwa na dhambi yangu. Mke wangu, niliyemwambia juzi tu, anasema nitangaze kwamba Mulwa amesamehewa, mbuzi wachinjwe, yaishe.

Nishaurini, ndugu zangu. Nisimame mbele ya mtu huyo nimsamehe kosa gani?