Simu ya Muzee

Mwaka wangu wa mwisho wa kusomea uchoraji wa kompyuta, mwalimu alitupa kazi ya kutunga kampuni ya simu. Kampuni ya uongo, alisema, lakini simu zake zichorwe kama za kweli, kila moja na sura yake, jina lake na mnunuzi wake. Nilirudi nyumbani Katoyi, mtaa wetu hapa Goma, nikaieleza familia kazi hiyo, na tangu jioni ile sikupata raha.

Mama alitaka betri ya kuvuka siku nzima bila umeme, na ganda lisilopasuka, maana uani kwetu simu ikianguka inaangukia mawe ya volkano, hakuna pengine. Kaka yangu mkubwa alitaka nafasi za kadi nne, moja ikiwa ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ili asihangaike kubadilisha kadi kila anapoenda kuchukua bidhaa. Nilipomwambia kwamba kadi nne zitanenepesha simu, alininunia. Jirani naye akapita kuomba nimwekee moja, nyekundu. Niliwaeleza hadi ulimi ukakauka kwamba hakuna kampuni wala simu, kuna michoro tu. Walisema sawa, wameelewa, kisha wakaendelea kuagiza.

Papa, yaani baba yangu, peke yake hakuagiza kitu. Alikuwa na simu yake ya tochi ndani ya mfuko wa shati, na simu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinikosesha usingizi kuliko masomo.

Dada yake, yaani shangazi yangu, analima Rutshuru. Tangu watu wa kwetu wapate simu, hao wawili wana mtindo mmoja. Shangazi anabipu, simu inalia mara moja na kukatika, papa anatazama ni nani, kisha anampigia. Yeye ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo kupiga ni kazi yake. Shangazi hajawahi kununua muda wa maongezi na hana nia ya kuanza. Mtindo huo unataka macho, na macho ya papa yalikuwa yamefifia. Hakutaka mtu ajue. Simu ikilia na kukatika, aliitoa, akaikodolea, akairudisha mfukoni.

"Ni batu ya kusumbua," alisema, kana kwamba ni watu asiowajua.

Nikiomba nimsomee, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Miwani hakutaka hata kuisikia. Nikaamua kumpigia shangazi mimi mwenyewe, nimweleze. Nilichopata ni hiki: "Sikuita weye. Niliita kaka yangu. Kama amenizarau, aseme." Akakata. Sijui ni yupi kati yao aliyenichosha zaidi. Wamezaliwa tumbo moja, na ukaidi waligawana sawasawa. Miezi ilipita hawajasemezana, kila mmoja akiwa na uchungu wake, na mimi katikati nikionekana mchochezi.

Basi nikachora simu tatu. Ndogo niliiita Mutoto, yenye kamera kali kwa vijana wanaojipiga picha kutwa. Ya kati niliiita Mama, nikaipa betri nene na ganda gumu, ili nyumbani wanyamaze. Ya tatu niliiita Muzee. Hiyo ilikuwa na vitufe vikubwa, haikuwa na kamera, lakini ilikuwa na sauti. Ukibipiwa, inataja jina kwa Kiswahili cha hapa Goma: "Dada yako amekubipu." Unabonyeza kitufe cha kijani, inampigia huyo huyo. Niliipenda kuliko zote. Papa sikumwambia niliitunga kwa ajili ya nani.

Siku ya kutetea kazi walikuja wote, kama ilivyo kawaida yetu. Mama alibeba sufuria za chakula, binamu zangu walibeba poda ya kunimwagia kichwani nikifaulu, na papa alivaa koti la kanisani akakaa kiti cha mbele. Walimu watatu walikuwa mezani. Mutoto ikapita, Mama ikapita. Nilipofungua ukurasa wa Muzee, mkuu wao, mtu wa umri wa papa, alivua miwani yake.

"Hii njo simu ya muzee? Haina kamera. Muzee hapigake foto?"

Nilijibu kwamba ni ya wazee wasioona vizuri, na nilipokuwa bado nasema nikajua nimeharibu. Kwetu muzee si mtu aliyechakaa. Muzee ni baba wa nyumba, ni mkubwa wa kazi, ni yule anayeachiwa kiti hata kama ana nguvu kukupita. Nilikuwa nimeipa simu isiyo na heshima jina la heshima.

"Mutoto anapita muzee?" aliuliza akigeukia ukumbi, na ukumbi ukacheka. "Mutoto umupe simu ya kuona, muzee umupe ya kupiga makelele?"

Mwenzake akaongeza kwamba kampuni inayosaidia watu kubipu itafilisika kabla ya Noeli. Nilitamani kuwaambia, mwenye simu yuko hapa, kiti cha mbele, muulizeni yeye. Nilimtazama papa. Papa alikuwa akimwitikia mwalimu kwa kichwa.

Wakanipa masharti: Muzee iwe kubwa kuliko zote, iwe na kamera tatu, na ile sauti iondoke. Nilichukua kalamu nikaifuta sauti mbele yao, nikikandamiza hadi karatasi ikatoboka. Wakanipitisha. Vigelegele vikapigwa, na poda ikanimwagikia hadi puani.

Chakula kilipoandaliwa uani mwa shule, walimu nao wakaketi kula pamoja nasi. Nilimvuta papa pembeni nikamuuliza ameionaje kazi yangu.

"Ile Muzee ya kwanza, ya kusema majina, njo nilikuwa nataka," alisema.

Nilikaribia kulia kwa hasira. "Papa, sasa juu ya nini haukusema?"

"Mbele ya batu?"

Nilimwacha pale pale. Nilirudi mezani nikajipakulia sombe, yale majani ya muhogo, na ndizi, nikala bila kumwangalia mtu. Alama zilikuwa zimekwisha kutolewa, na yeye sasa ndipo anasema.

Akaja. Hakukaa kiti walichomwekea; alisimama karibu yangu, mkuu wa walimu akiwa mbele yetu na paja la kuku mkononi. Alitoa simu mfukoni akaiweka kati ya sahani.

"Unisomee ni nani alinibipu," alisema kwa sauti ambayo meza nzima iliisikia. "Mimi siko naona tena."

Nilifuta poda na mafuta mikononi, nikaichukua simu, nikasoma orodha ya waliobipu kuanzia juu hadi chini.

"Ni dada yako, papa. Zote ni yeye."

Nilibonyeza, nikamwekea sikioni, bado nimemkasirikia.