Midomo ya Bibi Arusi

Tulijifunza kusema bila kutikisa midomo kwa utundu tu. Shuleni alikuja mtu na mwanasesere wa mbao aliyekuwa akibishana naye, na mimi na dadangu tukarudi nyumbani, Mji wa Kale, tumepagawa. Nilinunua kioo kidogo kwa mchuuzi wa Mwembe Tayari. Kila alasiri tulipanda darini, tukabana penseli kwa meno, tukasema mpaka mate yakatutiririka. Maneno yanayokutanisha midomo yalitushinda kabisa, "mama" likatoka "nana." Basi tukayahama, tukawa tunawateta watu kwa maneno mengine mbele yao, nyuso zimetulia, na tukijiona werevu kuliko Mombasa nzima.

Katikati ya miaka ya tisini dadangu akaolewa. Siku ya kupamba, bibi arusi kwetu huketishwa jukwaani mbele ya wanawake wote, macho chini, hacheki, hasemi, hatikisiki. Anayetikisika husemwa mwaka mzima. Na dadangu alikuwa na pumu, jambo ambalo mama aliwaficha wakwe.

"Wakijua yuna pumu watamrudisha," mama aliniambia asubuhi ile. "Hiyo dawa yake ya kuvuta itie kifuani mwako, na usiitoe mpaka nikuashirie."

Nilikaa miguuni pa dadangu. Mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti cha pembeni, akijipepea. Asumini zilimjaa bibi arusi kichwani na shingoni, kisha kikaletwa chetezo cha udi na moshi ukamwelekea usoni. Niliona shingo yake ikivuta pumzi kwa taabu.

"Haiingii," alisema. Midomo haikusogea. "Haiingii."

Nilimtazama mama upande wa pili wa ukumbi. Alitikisa kichwa: bado.

Niseme kweli, wakati ule nilimwogopa mama kuliko nilivyoogopa kumpoteza dadangu, na hilo linaniuma hadi leo. "Ngoja," nikamwambia, nami midomo nimeituliza, mkono kifuani penye dawa.

Dadangu akayakamata magoti yake kwa vidole vyenye hina. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akamgusa mwenziwe, wote wawili wakamkodolea macho.

"Mpe dawa yake, yuwafa huyu. Hawa 'tawashughulisha mimi."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa akiwatabasamia wageni, upepeo mkononi, midomo imetulia tuli. Zile herufi zilizotushinda miaka yote alizitamka safi. Kisha akainuka akapiga vigelegele, na ukumbi mzima ukampokea. Ndani ya kelele ile nilisimama, nikajifanya naweka ushungi wa bibi arusi sawa, nikamtia dawa kinywani. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kifua kikatulia. Mama alikuwa amesimama kule mbali, uso umesawijika.

Jioni, tulipokuwa tukikusanya sahani, nilimwendea mama mkwe nikambusu mkono.

"Ahsante, mama. Ulijifunza wapi?"

"Mimi nilikalishwa vivyo hivyo, mwanangu, na homa mwilini. Sikuwa na dada chini ya kiti changu." Akanipokonya sahani mikononi. "Nilimsikia akikwambia haiingii. Na wewe nilikusikia ukimwambia angoje."