Niligongwa na pickup haina bima, nikanyoosha gari kabla bima yangu haijaiona

Wakuu niaje. Wacha nitoe ujinga wangu mapema ndio mkicheka mcheke mara moja: niligongwa, mlango ukabonyea, na mimi na akili zangu timamu nikaipeleka gari kwa fundi ikanyooshwa na kupakwa rangi kabla watu wa bima hawajaiona.

Ni ukweli mtupu. Mke wangu anasoma hapa begani, so siwezi ongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa nyumba. Nikitoka Olympic, mtaa wetu, ni kwa sababu ya mayai. Mke wangu husambazia vibanda mayai, mimi ndio dereva.

Siku hiyo tulishusha trei za mwisho Gatina. Nilikuwa nimepaki vizuri hadi nikajipongeza. Pickup ya kabeji ikarudi nyuma, ikaingia kwa mlango wangu.

Jamaa alikuwa mpole. Aliomba msamaha mpaka nikaanza kumhurumia. Polisi wakaja, kuangalia stika yake ya bima, ni ya gari ingine kabisa. Hana bima, hana pesa, ana kabeji. Alinipea mbili.

Abstract ya polisi, ile ripoti ya ajali, nilichukua, msinitukane sana. Na nina comprehensive, ile bima kubwa inalipa hata gari yako mwenyewe, kwa hivyo bima yangu ndiyo ingelipa.

Shida ilikuwa aibu.

Kwa plot yetu, hizi nyumba tumepanga pamoja, kitu yako ikiharibika unapewa jina. Jirani yangu Mama Halima, Mnubi asiyekosa neno, alikuwa ashapiga picha ya mlango akairusha kwa group ya plot: "Dereva wa mayai amevunjika."

Nikakimbilia fundi Kawangware. Sasa, fundi gani humaliza kazi siku aliyosema? Wangu alimaliza. Tena vizuri. Nikamlipa na pesa ya mke wangu ya kuchukua mayai mapya, nikimwambia mke atulie, bima itarudisha.

Assessor wa bima, yule wa kukagua hasara, alizunguka gari, akapapasa mlango, akaniuliza kwa heshima zote, "Sasa mzee, tulipe nini?"

Nilirudi nyumbani. Mke hakuwa na pesa ya kuchukua mayai. Vibanda vilikuwa vimeanza kuchukua mayai kwa mtu mwingine.

Kilichoniokoa ni ile picha ya kunicheka. Namba ya gari ilionekana safi. Nikaiprint, nikaibeba na risiti ya fundi.

Dada wa claims, pale ofisi ya bima wanapolipa madai, akasema nilitengeneza bila ruhusa, kwa hivyo watalipa nusu tu. Nikamwambia asante, hiyo nusu ingine nitaingojea hapa.

Nikakaa. Kesho yake nikarudi na thermos. Wakuu, kukaa ndiyo talanta pekee niliyo nayo. Mlinzi akaanza kuniachia gazeti. Dada alikuwa akipita anaangalia ukuta.

Mwishowe walilipa kazi yote ya fundi, wakatoa tu ile excess yangu, sehemu ambayo mwenye gari hujilipia. Mke akarudi kwa mayai, na vibanda vingine vikarudi kwake.

Funzo: ukigongwa, wacha gari ikae na aibu yake mpaka assessor aione. Na wewe kaa na yako.

Wenye mmewahi gongwa na mtu hana bima, mlibargain aje? Semeni hapa chini, matusi pia napokea.

Mama Halima nilimweleza vile nimewashinda watu wa bima kwa negotiation. Hakuacha kuanika nguo. Akasema: "Baba Tash, hao hawajakulipa gari. Wamekulipa utoke kwa kiti yao."